Dari ya Makame wa Juma

Siku ile mliponiaga karakanani kwa kahawa na halua, mmoja wenu aliniuliza, "Ami Seif, katika kazi zote ulizofanya, ipi iliyokutoa jasho?" Sikumjibu, maana mdomo ulikuwa umejaa halua. Sasa niko nyumbani wiki ya tatu, na mke wangu keshanikataza kuifungua redio ambayo haikuharibika. Basi nimechukua kalamu. Nani alipandishwa cheo na nani alipewa gari sitaandika, hayo mnayajua kunishinda. Nitaandika nilivyoanza, kisha nitafika kwenye nyumba moja ya udongo kule Ibra, na huko ndiko nitakakokaa.

Nilianza kazi Sur, mji wa bandari huku kwa Waarabu, mwanzo wa miaka ya tisini. Sikuwa kijana tena, nilikuwa nimeshauza dukani na kuendesha gari la maji. Siku ya kwanza msimamizi wetu, Bwana Thomas, Mhindi wa Kerala, alinipa testa, koleo na kipande cha kioo. Testa na koleo nilivijua. Kioo nikadhani cha kuchania nywele. Akanichukua ndani ya nyumba isiyo na umeme, giza tupu, akakisimamisha kioo mlangoni penye jua, na mwanga ukaingia mpaka chumba cha tatu.

"Fundi umeme anafanya kazi pahala pasipo umeme," akanambia kwa Kiarabu kilichokuwa kibovu kuliko changu. "Kwa hiyo lete jua."

Yeye pia ndiye aliyenifundisha kuweka kiganja ukutani kabla ya kutoboa, nipapase kama pana unyevu. Ninyi mna vyombo vya kupimia siku hizi, lakini kiganja hakiishiwi betri. Kule Jalan Bani Bu Hassan nilikaa siku mbili natafuta kwa nini taa za ukumbini zinawaka kila mtu anapofungua jokofu. Mwenye nyumba alikuwa amejifungia waya mwenyewe na hakutaka kusema. Siku ya pili alasiri akanong'ona kwenye sikio langu kama mtu anayekiri dhambi.

Mwisho wa miaka ya tisini kampuni ikanipeleka Ibra, mtaa wa zamani, kwenye nyumba ya ghorofa mbili ya ukoo mmoja uliokuwa tajiri wakati ule watu wa Ibra walipokuwa na mashamba ya karafuu ng'ambo. Watu walikwishahama zamani kwenda kwenye majumba mapya ya matofali ya saruji. Ndani walibaki popo. Kuta zilikuwa za udongo, nene hata mkono wangu wote haukutosha upana wake, na vidirisha viko chini, usawa wa magoti, ili mtu aliyekaa juu ya zulia apate upepo. Mwanga ulikuwa ukiishia sakafuni. Juu ni weusi tu.

Mwenyewe alikuwa Bwana Nasser, mtu wa makamo, mpole. Alikuwa amekwenda Kathmandu kutembea, akafikia kwenye nyumba ya kale ya Wanewari, wenyeji wa bonde lile, ya matofali mekundu na madirisha ya kuchonga, iliyotengenezwa upya ikafanywa hoteli ya vyumba vichache. Alirudi na khabari hiyo kama mtu aliyetoka Hija. Alisema usiku wa kwanza hakulala, aliona haya kufumba macho ndani ya nyumba ile. Na nyumba ya babu yake yeye inaliwa na mchwa! Basi akaazimia kufanya kama wale. Majirani wakamshangaa. "Sisi tumehama tupate vigae na maji ya bomba," mmoja alinambia, "yeye anataka Mjarumani alipe alale tulikokimbia?"

Fundi mkuu wa kuta alikuwa mtu wa Manah, Usta Hamed, mfupi, mkali, mwenye vidole kama mizizi. Siku ya kwanza aliniagiza nimletee saruji. Mimi, kwa Kiswahili changu cha Unguja, nikaenda sokoni nikarudi na mifuko mitano ya simenti. Aliitazama ile mifuko, akanitazama mimi, akauliza nani amekufa hata ninataka kujenga kaburi. Hapo ndipo nilipojua kuwa kwao saruji ni udongo unaochomwa kwa moto wa magogo ya mitende, ukapondwa, ukakorogwa na chokaa. Tumelichukua neno tukalitia kwenye mfuko wa karatasi. Simenti, akanieleza, inaunyonga ukuta wa udongo, unyevu hauna pa kutokea, na miaka michache ukuta unamwagika. Nilichukua mifuko yangu nikairudisha, na mwenye duka akacheka vile vile.

Siku ya tatu nikatia tindo kwenye ukuta wa jiko nipate mfereji wa waya, kama nilivyozoea Sur. Kikaanguka kipande ukubwa wa mbuzi. Usta Hamed hakunigombeza. Alikaa chini, akakusanya ule udongo kwa mikono miwili, akaurudisha kwenye maji kuuloweka. "Huu una umri mkubwa kuliko babu yako," akasema. "Uombe samahani kwanza." Nilidhani anafanya mzaha. Hakuwa akifanya mzaha.

Kilikuwepo chumba kimoja kikubwa juu, kilichokuwa cha bwana harusi na bibi harusi wa kila kizazi. Mchoro wa muhandisi, aliyekuja kutoka ofisi moja ya mjini, ulitaka chumba hicho kiwekewe dari ya chini ya jasi, nyeupe, ya kuning'inia, ili mabomba ya kiyoyozi yapite juu yake na taa zizame ndani. Nikapanda na taa ya kazini, ile yenye miguu mitatu na mwanga wa kutoa machozi, waya wake unatoka kwenye jenereta uani. Nilitaka kupima urefu tu. Nikaielekeza juu, nikabonyeza.

Nimefunga umeme majumba sijui mangapi, na kila nilipowasha mara ya kwanza watu walipiga makofi, watoto wakakimbia huku na huku. Siku ile mimi, Usta Hamed na wafanyakazi wake tuliinua vichwa tu. Chini ya masizi ya kandili ya miaka na miaka palikuwa na rangi. Boriti zote, na mbao baina yake, zilikuwa zimejaa maua mekundu na meusi, majani yanayopandana, nyota, mikarafuu yenye matawi, na ndege mmoja kwenye pembe mwenye jicho la njano. Hapakuwa na shibri moja iliyoachwa tupu. Usta Hamed alivua kilemba chake, sijui kwa nini, akakishika mkononi.

Bwana Nasser akaenda kumleta shangazi yake, Bi Rayya, mama wa miaka sabini na kitu, aliyezaliwa ndani ya nyumba ile na mwenye fungu lake la urithi. Alipanda ngazi pole pole, anashika ukuta. Akatazama juu, akatafuta pa kukaa.

"Nimelala chumba hiki miaka ishirini na miwili," akasema. "Nimezaa humu watoto watano. Sikupata kuiona."

Tuliposafisha masizi kwa mabonge ya mkate, kazi ya wiki nzima, yakatokea maandishi. Yalikwenda kwenye mbao za pembeni, kutoka mlangoni mpaka kwa yule ndege, herufi za Kiarabu, nzuri, zimetiwa irabu. Bwana Nasser alipanda akasoma, akashuka uso umebadilika.

"Nimeyasoma mara tatu," akasema. "Si Qur'ani, si hadithi, si shairi. Herufi zote zetu, na hapana neno hata moja."

"Labda Kifarsi," alisema muhandisi.

"Kifarsi nakijua kidogo. Sicho."

Usta Hamed akasema, "Mtu akiandika kitu kisichosomeka, ana sababu yake." Na baada ya hapo chumba kile kikawa hakina raha. Neno talasimu halikutamkwa, lakini nililiona machoni mwao. Wafanyakazi wawili walikataa kupanda. Bwana Nasser alikuwa mtu wa dini na anakusudia kualika wageni. Je, aseme nini mji ukianza kusema nyumba yao ina uchawi darini? Muhandisi akamkumbusha kuwa dari ya jasi iko kwenye mchoro hata hivyo. Itafunika kila kitu. Wakakubaliana ifungwe upesi, na mimi nikaambiwa nitoboe matundu ya vyuma vya kuning'inizia, arubaini na nane, ndani ya boriti zenyewe.

Sikusema kitu. Hili naliandika kwa sababu mlinisifu sana siku ile ya halua. Niliona ni dhambi, na nikaenda kuchukua drili. Nilikuwa Mzanjibari mwenye Kiarabu cha kuvunjika vunjika, na mambo ya maandishi niliyaona ni ya wenyewe. Hata sikujaribu kuyasoma.

Dari ilikuwa juu lakini jukwaa tulilipandisha sana, hata ikabidi nilale chali juu ya mbao mbili, pua yangu na boriti zimekaribiana. Nikatoboa tundu la kwanza, boriti ya nne kutoka mlangoni. Vumbi jekundu likaniingia machoni. Nikaweka drili kifuani, nikangoja macho yatoe machozi yake. Nilipofumbua, yale maandishi yalikuwa mbele yangu kabisa, na midomo yangu ikaanza yenyewe, kama chuoni Unguja tulivyokuwa tukiyumba juu ya mkeka, herufi na irabu yake, herufi na irabu yake, bila ya kufikiri maana.

Ma. Ka. Me.

Nikakoma hapo. Makame si jina la Ibra, wala la Nizwa, wala la pahala popote huku. Makame ni jina la kwetu.

Marehemu bibi yangu mzaa mama alikuwa akiandika barua zake zote kwa Kiswahili kwa herufi za msahafu, na penye pe hutia be, kwa kuwa Kiarabu hakina pe. Aliponambia nimsomee, nilikuwa nikikimbia. Sasa nikavuta pumzi nikasoma kama ninayemsomea yeye, na maneno yakaja moja moja:

"Makame wa Juma, mtu wa Pemba, ndiye aliyeitia rangi dari hini, kwa kulala chali miezi minane. Nawe ulalae chali hapa, niombee kwa Mola."

Nilikuwa nimelala chali. Mgongo unaniuma pale pale ulipokuwa ukimuuma yeye, na mkono wangu uko umbali wa shibri na pahala mkono wake ulipopita. Naye ananambia mimi. Siwezi kueleza zaidi ya hapo. Nilizima drili ingawa ilikuwa imezimwa.

Kisha nikapiga kelele, kwa Kiswahili, "Njooni! Mtu huyu ni mtu wetu!" Hapana aliyeelewa. Usta Hamed akadhani umeme umenipiga, akakimbia uani kuzima jenereta.

Niliposhuka na kueleza, Bwana Nasser alinisikiliza kwa adabu, lakini alikuwa na shaka, na alikuwa na haki. "Bwana Seif," akasema, "umesoma au umetunga? Wewe huitaki dari ya jasi, nimekuona usoni."

"Panda wewe," nikamwambia. "Soma kwa sauti kama yalivyoandikwa. Mimi nitakaa huku chini, nimeuelekea ukuta nisione kitu, nikwambie kila neno maana yake."

Akapanda, akalala pale nilipokuwa nimelala. Bi Rayya aliletwa, akakalishwa juu ya sanduku. Bwana Nasser akaanza, kwa matamshi ya Kiarabu, akajikwaa, "Ma-ka-me wa Ju-ma, mtu wa Bemba..." Nami nikawa nikifasiri. Alipofika "kwa kulala chali," Bi Rayya akanyanyua mkono.

"Rudia hapo."

Akarudia, neno asilolijua.

"Hiyo ndiyo sauti ya jikoni," Bi Rayya akasema, na machozi yanamtoka. "Bibi yangu na wale wanawake waliokuja naye kutoka ng'ambo walikuwa wakisema hivyo wakitwanga. Sisi watoto tulifukuzwa tusikae nao. Nasser, unasema Kiswahili, mwanangu!"

Juu kule tukamsikia Bwana Nasser anacheka, taratibu, peke yake, uso kwa uso na yale maua.

Bi Rayya akataka nimfasirie yote tena, mwanzo mpaka mwisho. Nilipomaliza akasema, "Vizazi vinne tumelala chini ya mtu huyu. Ametuomba kitu kimoja, na hapana aliyempa." Akanyanyua mikono. Tukasoma Fatiha hapo hapo, Usta Hamed, wafanyakazi wale wawili waliokataa kupanda, na Bwana Thomas aliyekuwa amekuja kukagua na ambaye ni Mkristo akainamisha kichwa. Makame alikuwa huru au mtumwa, maandishi hayasemi. Swali hilo siku ile hapana aliyelitamka, na nadhani sote tulikuwa nalo.

Muhandisi alingoja tumalize, kisha akakohoa. "Lakini mchoro umekwisha pitishwa."

Bi Rayya akamgeukia. "Huo mchoro una fungu katika nyumba hii?"

Dari ya jasi haikufungwa. Muhandisi aliandika barua kwa kampuni kwamba kazi imecheleweshwa na fundi umeme, na kusema kweli ndivyo ilivyokuwa. Bwana Thomas akanisomea ile barua, akaikunja. "Wewe umemzindua," akasema, "wewe utamwashia. Na usiguse boriti." Nilipewa siku thelathini. Ningeshindwa, ningerudi Jalan kufukuza majokofu.

Hiyo ndiyo kazi iliyonitoa jasho, mwanangu uliyeniuliza. Taa isiyoning'inia, isiyopigwa msumari, isiyotoboa, na inayoonesha kila jani. Nilijaribu za sakafuni, zikamtia mtu kivuli chake mwenyewe darini. Nilijaribu za pembeni, ndege akapotea. Mwisho nikazitazama zile shubaka za ukutani, walimokuwa wakiweka kandili na vyetezo, kumi na mbili kwa chumba. Nikalaza taa ndogo ndani ya kila moja, zimetazama juu, mgeni hazioni. Waya Usta Hamed alinionesha pa kupita. Alibandua koti la juu la saruji kwa upana wa vidole viwili tu, nikalaza waya, akafunika kwa saruji mbichi siku ile ile, akausugua ukuta kwa jiwe la mtoni mpaka mimi mwenyewe sikujua umepita wapi. Kiyoyozi tulikificha nyuma ya mlango wa ghala wenye matundu. Swichi ya kuzimia nikaificha pia ndani ya shubaka moja, nikajisifu. Siku ya ishirini na nane tukawasha. Lile tundu langu moja lipo mpaka leo, mkienda mtaliona.

Wageni wakaja. Kwa miaka kumi na zaidi nilikuwa nikienda kila mwezi kukagua, na niliwaona. Wengi walivua viatu mlangoni bila ya kuambiwa. Mama mmoja wa Kijarumani alilala sakafuni na nguo zake za safari, akanambia kwa ishara nipite tu, nifanye kazi yangu. Familia moja kutoka Nizwa, wenyewe ni Waarabu waliorudi kutoka Bujumbura na Kiswahili chao, walileta mzee wao kwenye kiti cha magurudumu, wakambeba ngazi zote. Bwana Nasser aliweka kibao kidogo chenye tafsiri, na kwa hayo maombi ya Makame hayakukosa mtu tena.

Miaka ya elfu mbili ikiwa katikati, Bwana Nasser akasema ni aibu kuwa mimi sikupata kulala pale. Akatupa siku mbili, mimi na mke wangu Zuwena. Zuwena alichukua mto wake mwenyewe na dawa ya nge. "Nimetoka Unguja kwenye nyumba ya mawe," alisema ndani ya gari, "nimevuka bahari, nimehangaika mpaka nikapata nyumba ya vigae, sasa Baba Muna unanipeleka kwenye udongo." Nikaendelea kuendesha. Nilikuwa nimemhadithia khabari ya dari mara nyingi, na nadhani alikuwa ameichoka.

Tulifika adhuhuri, tukaswali, tukaletewa wali na samaki wa Sur. Kisha tukapandishwa kule juu tupumzike. Zuwena alifunga vile vidirisha kwa sababu ya joto la nje, nikawasha, akatazama juu. Alikaa hivyo muda mrefu, mto wake bado uko kwapani.

Halafu akapanda kitandani, akasema, "Zima taa basi, tulale kidogo."

Nikainuka. Nikapapasa shubaka ya kwanza, ya pili, nikazunguka chumba chote. Ile swichi ya mlangoni ni ya kuwashia tu, na ya kuzimia nilikuwa nimeificha vizuri hata siioni, maana kwenye ukaguzi miaka yote nilikuwa nikizimia chini kwenye boksi la umeme. Zuwena akaanza kucheka, akacheka mpaka kitanda kikatikisika. "Fundi mkubwa!" akasema. "Njoo ulale, iache."

Nikalala karibu yake. Sote wawili chali.

"Yako wapi maneno yake?" akauliza. "Nisomee."

Nikamsomea, nikimwonesha kwa kidole, kutoka mlangoni mpaka pembeni kwa ndege. Zuwena akasema amin. Mnajua tulivyoitwa tulipokuja nchi hii, wageni, Wazanjibari, waliochelewa. Yeye skuli ya kwanza alikalishwa nyuma kwa ajili ya ulimi wake, msichana mkubwa anasoma na wadogo, na khabari hiyo hakupata kuisimulia bila ya kugeuza uso. Sasa hakugeuza uso. Alikuwa akitazama juu.

"Baba Muna," akasema, "kumbe sisi tulishafika huku kabla hatujaja."

Alasiri ilipoadhiniwa bado tulikuwa tumelala vile vile, macho wazi, na taa zote kumi na mbili zinawaka.